Kusikia Mwendo

Gari la miaka ya 1920 lilipofika kilomita 130 kwa saa, dereva hakubakiwa na kiungo kilichopumzika. Mikono ilishindana na usukani, mguu wa kulia ulihama kati ya pedeli mbili, mgongo ulipokea kila shimo la barabara, uso ulichapwa na upepo, na masikio yalijaa mlio wa injini na gia hata aliyeketi ubavuni ikambidi apaze sauti ndipo asikike. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo haya yote: mtu husikia sauti, husikia baridi, husikia harufu, husikia maumivu. Mwendo wa magari yale ulisikika kwa maana hizo zote kwa pamoja. Katika gari la leo mwendo husomwa kwenye dashibodi, na abiria aliyesinzia hajui kama limetoka kilomita 80 likafika 130. Katika gari la wakati ule hakuna aliyesinzia.

Magari yanayozungumziwa hapa ni ya kipindi ambacho wapenzi wa magari ya kale hukitenga peke yake. Chama cha Vintage Sports-Car Club, kilichoundwa Uingereza mwaka 1934, kiliweka mpaka mwishoni mwa mwaka 1930. Ndani ya mpaka huo yamo magari mengi yaliyosifika: Bugatti Type 35 ya Ufaransa, ndogo na nyepesi, Alfa Romeo 6C ya Italia, na Mercedes-Benz SSK ya Ujerumani yenye supachaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa, iliyopiga yowe dereva alipokandamiza mafuta hadi mwisho. Sura hii inalifuata zaidi Bentley 4½ Litre, lililotengenezwa Cricklewood, London, kuanzia mwaka 1927, kwa kuwa ndani yake sifa na kasoro za enzi ile zinaonekana zikiwa kubwa na wazi. Injini yake ilikuwa na silinda nne tu, lakini ujazo wake ulikuwa sentimita za ujazo 4,398. Kila pistoni ilipanda na kushuka milimita 140. Kila silinda ilikuwa na vali nne na plagi mbili, na nguvu iliyotoka ilikuwa ya farasi 110 injini ikizunguka mara 3,500 kwa dakika. Nguvu hiyo ilisukuma gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu.

Silinda chache zenye pistoni ndefu zina tabia yake. Injini ya namna hii ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, milipuko ndani yake ni 50 kwa sekunde, nayo ni milipuko mizito. Sauti yake ni mngurumo wa chini unaopita kwenye sakafu na kiti kabla haujafika masikioni. Dereva aliitambua hali ya injini kwa nyayo na makalio. Plagi moja ikichafuka, mngurumo uliingiwa na pengo, na pengo hilo lilisikika mgongoni kama kigugumizi.

Kazi ya kwanza ngumu ilikuwa kubadili gia. Ndani ya giaboksi ya zamani hakukuwa na sinkromeshi, yaani kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gurudumu moja la meno na jingine kabla hayajashikana. Dereva mwenyewe ndiye aliyelinganisha. Ili kupanda gia, alikanyaga klachi, akavuta gia hadi katikati, akaachia klachi, akangoja injini ipungue mwendo, akakanyaga klachi mara ya pili, kisha akaisukuma gia mahali pake. Kushuka gia kulidai zaidi: baada ya kuachia klachi gia ikiwa katikati, ilibidi akanyage mafuta kidogo ili mizunguko ipande, halafu ndipo aingize gia ya chini. Dereva wa Afrika Mashariki aliyeendesha lori la zamani kwenye mlima anaifahamu kazi hii barabara. Tofauti ni kwamba dereva wa mashindano aliifanya kwa haraka, akiikabili kona, huku mguu huohuo mmoja ukigawana breki na mafuta.

Kugawana huko kulikuwa na ugumu wa ziada. Katika Bentley za wakati huo, na katika magari mengine mengi ya enzi ile, pedeli ya mafuta ilikuwa katikati, na breki kulia kabisa. Mgeni aliyeshtuka na kukanyaga upande wa kulia kutafuta mafuta alijikuta amekanyaga breki, na aliyetaka kusimama kwa haraka angeweza kuongeza mwendo. Aliyezoea aliona faida ya mpangilio huo: nusu ya unyayo ilibana breki na ubavu wa pili wa unyayo ukagusa mafuta, na gia ikashuka bila gari kupoteza utulivu. Gia ikiingia vizuri haikutoa sauti yoyote, ila mkono ulihisi kishindo chepesi cha chuma kukaa kwenye chuma. Ikiingia vibaya, meno yalisaga, na kila mtu aliyekuwa kando ya barabara alijua.

Gia ya juu ikishaingia na barabara ikinyooka, kazi ilihamia mikononi. Ekseli ya mbele ilikuwa chuma kimoja kizima kutoka gurudumu hadi gurudumu, kimefungwa kwenye springi za bamba. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia nalo liliinama, na habari ya jiwe hilo ilipanda kwenye usukani bila kupunguzwa na chochote. Usukani wenyewe ulikuwa mkubwa, mara nyingi umezungushiwa kamba ili viganja vyenye jasho visiteleze. Gari likiwa linatambaa ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Likipata mwendo ulilainika na kuanza kuzungumza. Waliojua hawakuukaba. Mikono iliyokaba usukani ilichoka ndani ya nusu saa na kulifanya gari liyumbe, kwa sababu kila mtikisiko wa mwili wa dereva ulirudi kwenye magurudumu. Mikono iliyoulegeza kidogo iliacha gari litafute njia yake, likicheza inchi moja kushoto na inchi moja kulia, na dereva akalirudisha tu lilipotaka kuvuka mpaka. Kwa saa nzima ya mwendo mkali gari halikuwahi kwenda moja kwa moja kama mstari wa rula. Aliyelitazama akiwa ndani yake kwa mara ya kwanza aliamini linapotea njia.

Chesisi nayo ilishiriki. Ilikuwa kama ngazi iliyolazwa, mihimili miwili mirefu na vipago kati yake, na barabara mbaya iliipinda. Bodi za Bentley nyingi za mashindano zilikuwa za fremu ya mbao iliyovishwa kitambaa maalumu badala ya bati, kwa kuwa kitambaa kilikubali kupindapinda pamoja na chesisi bila kupasuka. Kutoka kwenye kiti dereva aliweza kuona boneti na taa za mbele zikitikisika kila moja kwa wakati wake. Mandhari hiyo, ya gari linalohema mbele ya macho, ndiyo iliyowafanya watu wayapende magari haya kama wanavyopenda farasi, na upendo huo una sababu.

Upepo ulikuja polepole, kisha wote kwa mara moja. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayohitajika kuushinda hukua kwa mchemraba wake: kuongeza mwendo maradufu kunadai nguvu mara nane. Kwa hiyo gari lililofika kilomita 100 kwa saa kwa urahisi lilianza kuhangaika mbele kidogo ya hapo, na kila kilomita tano zilizoongezeka zilinunuliwa kwa gharama. Dereva alisikia gharama hiyo usoni. Kioo cha mbele mara nyingi kililazwa, na kilichobaki kilikuwa kipande kidogo cha kioo au wavu wa waya. Ukiinua kichwa juu yake, upepo ulikivuta nyuma kana kwamba kuna mtu ameshika kola. Miwani ya kufunga na kamba ilibanwa hadi ikaacha alama. Wadudu walipiga kama changarawe, changarawe zenyewe zilivunja taa, na mvua ya kilomita 140 kwa saa ilichoma midomo.

Halafu harufu. Injini nyingi za mashindano zilitiwa mafuta ya mbarika, yaleyale ya nyonyo yanayojulikana katika nyumba nyingi za pwani kama dawa ya tumbo. Mafuta hayo hayakatiki upesi chini ya joto kali, hubaki yakitenganisha chuma na chuma pale ambapo mafuta ya madini ya wakati huo yalikuwa yameshashindwa, na jina lenyewe la Castrol limetokana na mmea huo. Kasoro yake ni kwamba hugeuka gundi yakikaa. Yakiungua hutoa moshi wenye harufu tamu isiyofanana na nyingine, na kwa watu wa enzi ile harufu hiyo ndiyo ilikuwa mwendo wenyewe. Ilichanganyika na petroli, mpira wa moto, na vumbi. Joto la injini lilipita kwenye ukuta mwembamba uliotenganisha injini na miguu. Soli za viatu zililainika huku mabega yakiganda kwa baridi.

Mahali ambapo mwendo huu ulijaribiwa bila kizuizi cha kona ni Brooklands, karibu na Weybridge, kusini-magharibi ya London. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1907, duara la zege lenye urefu wa takriban kilomita 4.4, na pande zake zilizoinuka zilifika karibu mita 9 kwenda juu. Huko, tarehe 15 Februari 1913, Percy Lambert akiwa na Talbot alikuwa mtu wa kwanza kwenda zaidi ya maili 100, yaani kilomita 161, ndani ya saa moja. Mwezi Oktoba mwaka huohuo tairi lilimpasukia hapohapo Brooklands, naye akafa.

Zege la Brooklands lilititia mapema, na viraka vilivyowekwa miaka yote iliyofuata viligeuka matuta. Mahali palipokuwa pabaya zaidi ni pale uwanja ulipovuka mto Wey juu ya daraja. Magari ya mwendo mkubwa yalipofika hapo yaliruka, magurudumu yote manne yakaacha ardhi, na picha ya Napier-Railton ya John Cobb ikiwa hewani ni miongoni mwa picha zinazojulikana sana za uwanja huo. Gari hilo la mwaka 1933 limevuka ule mpaka wa mwaka 1930 kwa miaka michache, lakini kwa umbo na kwa tabia ni mtoto wa miaka ya 1920: injini ya ndege ya lita 24 hivi, ekseli za chuma kizima, na breki kwenye magurudumu ya nyuma tu. Mwaka 1935 Cobb alizunguka Brooklands kwa wastani wa kilomita 230.84 kwa saa, na hadi uwanja ulipofungwa mwaka 1939 hakuna aliyempita. Madereva wa huko walijifunga mikanda mipana tumboni, siyo ya kuwashikilia kwenye kiti, bali ya kushika matumbo yao wenyewe yasitikiswe kupita kiasi. Kwenye ukuta ulioinuka mwili ulikandamizwa kwenye kiti, kichwa kikawa kizito, na dereva akatazama juu ya nyusi zake ili kuona mbele, kwa sababu barabara ilikuwa imepinda kama ubavu wa bakuli na kilichokuwa usoni pake kilikuwa zege.

Magari haya yangestahili kukumbukwa hata kama yangekuwa na breki nzuri. Hayakuwa nazo, na hilo ndilo lililoathiri kila uamuzi wa dereva. Gari likienda kilomita 120 kwa saa lina nishati mara nne ya ile ya kilomita 60, na nishati hiyo yote hugeuzwa joto ndani ya ngoma za breki. Bentley ya John Duff na Frank Clement iliyoshiriki mashindano ya kwanza ya saa 24 ya Le Mans, mwaka 1923, ilikuwa na breki za nyuma tu. Mawe ya barabara yalivunja taa yake moja, kisha jiwe likatoboa tangi. Petroli ikaisha njiani, Duff akarudi kwa miguu, na Clement akaenda kwa baiskeli hadi kwenye gari akiwa amebeba petroli. Mwaka uliofuata walirudi na breki kwenye magurudumu yote manne, wakashinda.

Katika magari mengi hata breki nne zilifanya kazi kwa vyuma na nyaya, bila msaada wowote isipokuwa paja la dereva. Zikichemka, pedeli ilibaki ngumu ileile lakini gari halikupungua. Kabla ya hapo palikuwa na dalili: harufu kali ya bitana zinazoungua, kisha mvutano wa upande mmoja, gurudumu moja likishika kabla ya jingine na pua ya gari ikitaka kwenda msituni. Kwa hiyo dereva mzuri alianza kusimama mapema kuliko macho yalivyoona haja. Kwa kilomita 144 kwa saa gari hula mita 40 kila sekunde. Sekunde moja ya kusita ni urefu wa nyumba kadhaa. Aliachia mafuta, akaiacha injini ivute, akashuka gia kwa ule utaratibu wa klachi mara mbili, akashuka tena, na breki zikapewa kilichobaki. Kona yenyewe ilikuwa sehemu tulivu kuliko zote. Matairi membamba hayakung'ang'ania barabara kama ya leo. Yaliachia taratibu, yote manne, na gari likateleza kwa upande huku dereva akilielekeza kwa mafuta zaidi kuliko kwa usukani. Kuna watu waliotumia maisha yao kutafuta tena dakika hiyo.

Usiku ulibadilisha kila kitu, na Le Mans ilikuwa na usiku mzima. Taa zilimulika umbali mfupi kuliko umbali wa kusimama, kwa hiyo dereva aliendesha kwa kumbukumbu na kwa dalili ndogondogo. Mfano unaojulikana ni wa mwaka 1927. Giza likiingia, Sammy Davis aliikaribia kona ya White House akiwa na Bentley ya lita 3, akaona udongo na vipande vya mbao vimetapakaa barabarani mahali ambapo mzunguko uliotangulia hapakuwa na kitu. Akapunguza mwendo kabla hajaona sababu. Sababu ilikuwa magari yaliyogongana na kuziba njia, yakiwemo Bentley nyingine mbili. Gari lake liliyagonga kwa ubavu, ekseli ikapinda, taa moja ikavunjika, lakini halikufa. Yeye na Dudley Benjafield waliliendesha likiwa limepinda hivyo hadi mchana wa siku ya pili, na likashinda. Dereva aliyekuwa akisoma mwendo kwa macho peke yake asingeona udongo ule kuwa habari.

Matairi yaliongeza hofu ambayo haikuwa na dalili ya mapema. Mwaka 1930 Tim Birkin, katika Bentley ya lita 4½ yenye supachaja, alimpita Rudolf Caracciola wa Mercedes kwenye barabara ndefu ya Le Mans, magurudumu ya upande mmoja yakiwa kwenye nyasi na tairi moja la nyuma likiwa limeanza kubanduka. Vipande vya mpira wa tairi kwa mwendo huo hupiga bodi kama nyundo. Magari yote mawili hayakumaliza. Ushindi ulikwenda kwa Bentley Speed Six ya Woolf Barnato na Glen Kidston. Birkin aliishi miaka mitatu tu baada ya siku ile. Mwezi Mei 1933, kwenye mashindano ya Tripoli, aliunguza mkono kwenye bomba la moshi, na mwezi uliofuata akafariki. Wengine wametaja kidonda hicho kuwa sababu ya kifo chake, wengine malaria. Katika baadhi ya magari yale bomba la moshi lilipita nje, karibu na kiwiko.

Kulikuwa na udanganyifu mmoja ambao mwili, uliosikia mwendo vizuri namna hiyo, haukuweza kuuepuka. Baada ya dakika nyingi kwenye kilomita 160, kilomita 70 kwa saa zilionekana kama kusimama. Upepo ulitulia, mngurumo ukashuka, usukani ukawa mzito tena, na kila kiungo kikatoa taarifa kwamba gari limeshakuwa polepole kiasi cha mtu kushuka na kutembea. Lilikuwa bado linakula karibu mita 20 kila sekunde, na kona ya kilomita 40 ilikuwa mbele. Hapo waliokuwa wapya waliweza kupata ajali, mwishoni mwa mstari ulionyooka au wakiingia sehemu ya kujaza petroli. Wakongwe waliacha kuamini ngozi na masikio yao kwa dakika hiyo moja, wakatazama sindano ya mizunguko ya injini, wakahesabu gia waliyokuwa nayo, na kushuka gia nyingine moja.